Bei ya Kurudi Nyumbani

Hakuna aliyemtuma Hamoud kufungua mdomo siku ile. Watu walikuwa wamekaa vizuri barazani, kahawa imeshazunguka, Ndugu Bundala fedha zake ziko mfuko wa shati na mkono haubanduki hapo. Kilichobaki kilikuwa neno moja tu la Maalim, neno la desturi, ambalo Tabora nzima wanajua kwamba hujibiwa kwa kimya.

"Jamani," alisema Maalim, "nyumba hii ya marehemu Shomari, seremala, inauzwa leo kwa Ndugu Bundala. Mwenye dai juu ya nyumba au juu ya marehemu aseme sasa. Akinyamaza, asije kesho kutusumbua."

Ndani, nyuma ya pazia la mlango, Mwanahawa alisimama na birika mkononi, pumzi ameibana. Na alikuwa na haki ya kuibana. Marehemu baba yake aliacha warithi watatu: mkewe Bi Batuli, Mwanahawa mwenyewe ambaye ni mtoto wa pekee, na mdogo wa marehemu, Yahaya. Huyu Yahaya tangu arobaini ipite hakuwa na wimbo mwingine ila fungu lake. Nyumba iuzwe, agawiwe chake. Sawa, ni haki yake, hakuna aliyembishia. Lakini Yahaya huyohuyo ndiye aliyekuwa walii wa Mwanahawa, maana baba hayupo na kaka hakuzaliwa, na bila walii hakuna ndoa. Basi mzee wa watu akayafunga mambo yote mawili fundo moja.

"Nikipata changu," alikuwa amemwambia waziwazi, "nitakaa mkekani nikuozeshe huyo Mwarabu wako. Nisipopata, utakaa kwenu mpaka uote mvi."

Watu walimshauri Mwanahawa aende kwa kadhi akashtaki. Mama yake akasema hataki kusikia jina la marehemu likitajwa kortini, na Mwanahawa akameza. Kwa hiyo kuuzwa kwa nyumba ile ndiko kulikokuwa kuolewa kwake. Yahaya alijua hivyo, mama alijua, na aliyejua zaidi ya wote ni Hamoud, mwana wa Mzee Thuwaini mwenye duka, ambaye ndiye alikuwa amwoe.

"Mimi ninalo dai," sauti ilisema barazani.

Mwanahawa aliitambua kabla haijamaliza neno. Angeitambua hata sokoni siku ya mnada. Alisogeza pazia, akamwona Hamoud amesimama katikati ya watu waliokaa, kanzu imemshika jasho mgongoni, macho yanayatazama makubadhi yake.

"Una nini?" Yahaya aliuliza.

"Dai. Nyumba hii marehemu aliiweka rahani kwa baba yangu. Ni mwaka wa nane sasa. Deni halijaisha."

Bundala alishusha kikombe chake taratibu na mkono wake wa pili ukazidi kuukumbatia ule mfuko.

"Mwongo wewe," alisema Yahaya. "Siku ya maziko Maalim aliuliza maneno hayahaya mbele ya jeneza. Baba yako alikuwepo, safu ya mbele, mimi nilimwona kwa macho yangu. Alinyamaza. Leo deni limeota wapi? Au ni uyoga?"

"Alinyamaza kwa sababu aliahidi kunyamaza."

"Alimwahidi nani?"

"Hilo siwezi kulisema."

Yahaya alicheka, kicheko kile cha kuwaonyesha watu. "Mmesikia? Deni lipo, lakini halisemeki. Wanafunga maduka, wanakwenda Maskati, nauli imewapungukia, sasa wameona nyumba ya maiti."

"Yahaya." Bi Batuli alikuwa amekaa ndani mkekani tangu asubuhi, hajasema lolote, na wala hakupaza sauti. Ilisikika tu. "Usimwite mtoto wa watu mwongo. Rahani ipo."

Mwanahawa aligeuka akamtazama mama yake. Mama yake akatazama ukuta.

Huko nje Bundala aliinuka, akajikung'uta suruali. Alikuwa gadi wa treni miaka mingi mpaka alipostaafu, mtu wa Puge kwa kuzaliwa, na mwenye adabu. "Mayo Batuli," alisema kuelekea pazia, akimwita mama kwa Kinyamwezi, "usinifikirie vibaya. Nyumba naitaka. Lakini sinunui ugomvi. Malizaneni, kisha mniite."

Wageni walitawanyika kama ilivyo kawaida ya wageni, kila mmoja kakumbuka shughuli yake. Hamoud aliondoka wa kwanza bila kulitazama pazia. Hapo ndipo hasira ilipompanda Mwanahawa. Angeweza kumsamehe lolote, lakini si kuondoka bila kutazama nyuma.

Hakuvaa baibui. Alijitanda khanga aliyokuwa nayo, akapita katikati ya Yahaya na Maalim bila kuwaomba radhi, akashika njia ya sokoni. Waliokutana naye walimsalimu, yeye hakuitikia, na siku nzima mtaa ulizungumza habari hiyo.

Duka la Mzee Thuwaini lilikuwa limebaki maganda. Zamani mashubaka yalijaa vitambaa mpaka darini. Sasa palikuwa na chumvi, viberiti, na makasha yaliyofungwa kamba. Duka lao la Puge lilikufa watu walipohamishiwa vijijini, la Tura likafuata, na sasa wazee walikuwa wanaondoka kwenda kwa jamaa zao Maskati. Hamoud alikuwa amesema yeye habanduki. Alisema hivyo mbele ya mama yake, na mama yake, Bi Salme, hakula siku hiyo.

Mwanahawa alimkuta ua wa nyuma, ameegemea magunia ya karanga, amejishika kichwa.

"Inuka," alimwambia. "Sitaki kukugombeza umekaa."

Aliinuka.

"Kama hunitaki, mdomo unao. Ungeniambia. Ungeniita hata hapo njiani ukasema, Mwanahawa, mama yangu kanishinda, nakwenda zangu Maskati. Ningelia siku mbili nikaendelea na kazi yangu. Lakini kunisimamishia ndoa mbele ya baraza zima? Mbele ya Yahaya?"

"Nakutaka."

"Usinitajie neno hilo leo. Mwanaume anayenitaka angenyamaza kwa muda wa kumeza mate. Muda huo tu. Maalim angesema alhamdulillahi, Bundala angetoa fedha, na Ijumaa ijayo ningekuwa mkeo."

"Kwa nyumba ya rahani," alisema Hamoud. "Nimwibie Bundala, nimwibie baba yangu mgonjwa, halafu nikuingize ndani na nikuite halali yangu. Ungenitaka hivyo?"

"Usinigeuzie swali."

"Sikugeuzii. Nakuuliza."

Jibu alilokuwa nalo lilikuwa upande wa Hamoud, na yeye hakuwa tayari kumpa chochote. Akamtazama tu. Shingo ile, ndevu zile alizozikata vibaya mwenyewe kwa haraka ya asubuhi. Hata katika hasira ile, mkono wake ulitamani kuziweka sawa, na jambo hilo likamchukiza zaidi.

"Ulijua lini?"

"Ramadhani. Baba alipozidiwa, aliniita akaniambia."

"Ramadhani." Alilitamka polepole. "Idi ulikuja kwetu na halua. Ukala pilau la mama yangu. Ukanitazama pale uani, nikachoma vidole kwa sufuria kwa ajili ya kutazamwa na wewe. Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukanitazama vilevile."

"Nilikuwa nakutazama, ndiyo. Kujua hakukunizuia kukutazama."

"Fedha hizo zilikuwa za nini?"

Hamoud aligeuzia macho kwenye magunia.

"Nakuuliza. Baba yangu hakunywa, hakucheza kamari, hakuwa na mke wa pili. Alikuwa na randa, msumeno na magogo yake ya mninga. Mtu wa namna hiyo anaweka nyumba nzima rahani ili anunue nini?"

"Kamuulize mama yako."

"Nimekuja kwako."

"Nimeapishwa, Mwanahawa. Baba yangu alimwapia baba yako, na mimi nikaapishwa na baba yangu. Nimesema la deni kwa sababu kulificha ni kudhulumu watu. Hilo la pili si langu kusema."

"Nyote mmeapa," alisema Mwanahawa. "Baba kaapa, Thuwaini kaapa, wewe umeapa, mama naye bila shaka kaapa. Mji mzima umeapa, asiyeapa ni mimi tu, na nyumba ni yangu, na ndoa ni yangu."

Aliinua mkono kumwonyesha kidole, ndipo akaona bado ameshika birika. Alikuwa amekatiza soko zima na birika la kahawa mkononi. Wakati mwingine wangecheka wote wawili mpaka washikane mbavu, na Hamoud kweli midomo ilimcheza kidogo. Hilo ndilo lililommaliza. Akaimimina kahawa yote chini, mbele ya miguu ya Hamoud, akaliweka birika juu ya gunia, akaondoka.

Bi Batuli alimsubiri mahali palepale mkekani, sinia la karanga miguuni, anamenya.

"Nilijua utarudi na mwendo huo," alisema.

"Mama, fedha zilikuwa za nini?"

"Keti kwanza."

"Siketi."

Bi Batuli alimenya karanga moja, akaipuliza ganda. "Ulipotoka Puge," alisema, "ulidhani umetokaje?"

Puge hawakuitaja nyumbani mle. Mwanahawa alikuwa na miaka ishirini na moja walipomwozesha Bwana Abbasi wa Puge, mnunuzi wa ngozi na mahindi, mwenye lori lake. Yahaya ndiye aliyeleta posa na Yahaya ndiye aliyeisifia. Bwana Abbasi akisafiri alifunga mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo. Akirudi, alianza kuhesabu mayai ya kuku, na likikosekana moja, mkono ulisema. Mwanahawa alitoroka na kurudishwa, na aliyemrudisha ni Yahaya. Alipotoroka tena baba yake alimfungulia mlango, akamtazama uso, akasema harudi mtu Puge. Baada ya mwezi mzee akasafiri, akarejea amechoka, akasema: Amekuacha, binti yangu. Kaa eda yako upumzike.

"Aliniacha," alisema Mwanahawa. "Baba alisema aliniacha."

"Abbasi akuache bure? Abbasi yule wa mayai?" Bi Batuli alitikisa kichwa. "Alisema hatoi talaka hata ufe. Wakabembelezana, wakamwita mwalimu wa kule, mwisho akasema atakubali khului. Mke ajikomboe. Arudishiwe mahari yake, na gharama za harusi, na nguo, na usumbufu, na juu yake akaongeza alivyopenda. Baba yako hakubisha hata kidogo. Alipanda basi kurudi Tabora, akaenda moja kwa moja kwa Thuwaini hata kabla ya kufika hapa nyumbani."

"Khului anajikomboa mke mwenyewe," alisema Mwanahawa. "Mke ndiye anayesema. Mimi sikusema."

"Alikusemea."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ndiye aliyekataza. Alisema, mtoto akiijua bei atatembea humu ndani kama mgeni. Akila atajionea haya, akicheka atajionea haya. Alitaka urudi kwenu kama mtu anayerudi kwao. Basi akamwapisha Thuwaini, akaniapisha mimi."

Mwanahawa hakulia. Ningependa kusema alilia, maana msomaji anatarajia hivyo, na pengine yeye mwenyewe alitarajia. Lakini kilichokuja ni hasira, tena mpya, kali kuliko ya asubuhi, kwa sababu ya asubuhi ilikuwa na mtu wa kumwangukia na hii ilikuwa inamwangukia baba yake, ambaye alimpenda, na ambaye yuko ardhini.

"Kwa hiyo walikaa wanaume," alisema. "Abbasi kataja bei, baba kaitikia, Thuwaini katoa. Na mimi niko chumba kile pale nimekaa eda, naona fahari. Mama, nilikuwa naona fahari. Nilidhani Abbasi kaona haya. Nilidhani kuna kitu nilichofanya mimi, ushujaa wangu wa kutoroka, kilichomshinda. Miaka nane natembea nimeinua kichwa kwa ajili ya jambo ambalo sikulifanya."

"Ulitoroka. Hilo ulilifanya."

"Na makabati?"

Bi Batuli alielewa mara moja. "Ndiyo. Na makabati."

Miaka yote ile Shomari alikuwa akipeleka kazi kwa Mzee Thuwaini: kabati, meza, viti, kitanda kikubwa cha mninga. Mwanahawa aliwahi kumwambia baba yake kwamba Waarabu wale wanampenda, kila mwezi wana agizo jipya. Mzee akacheka, akaendelea kupiga randa. Hakuwa anauza. Alikuwa anapunguza deni, kabati kwa kabati, mpaka kifua kilipomshinda.

"Niitie Maalim," alisema Mwanahawa. "Na ba'mdogo Yahaya. Tunakwenda kwa Mzee Thuwaini alasiri hii."

"Kufanya nini?"

"Kuongea. Mmeongea ninyi vya kutosha."

Bi Salme ndiye aliyewafungulia. Mwanahawa alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayelipa kodi. Aliwapitisha chumbani kwa mgonjwa. Mzee Thuwaini alilala juu ya kitanda cha mninga, amekonda, na Hamoud amekaa upande wa miguu. Alipomwona Mwanahawa alisimama. Mwanahawa akamwamkia mzee, akamruka yeye.

"Binti Shomari," alisema Mzee Thuwaini, "umeshaambiwa."

"Nimeambiwa, mzee."

"Baba yako angenikasirikia."

"Hata mimi namkasirikia. Tutakuwa sawa."

Mzee alitaka kucheka, kikohozi kikamkatiza. "Nilimwambia nimesamehe," alisema kilipotulia. "Si mara moja. Alikataa. Alisema mtoto wake hawezi kukombolewa kwa sadaka. Siku ya maziko nilisimama pale nikawa nabishana na nafsi yangu. Nikisema deni, wataniuliza la nini. Nikasitiri. Nikadhani nimefanya wema."

"Ndio wema huo uliotuchelewesha," alisema Yahaya, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na kofia yake imepinda. "Sasa tuseme kweli. Hili si deni la ndugu yangu. Ni la binti. Yeye ndiye aliyekombolewa. Likitolewa kwenye nyumba nzima, fungu langu linaliwa kwa sababu ya mwanamke aliyeshindwa kukaa kwa mumewe."

"Na ndilo nililomwambia mwanangu," alisema Bi Salme. Alikuwa amesimama, hakutaka kukaa na wageni. "Sina ugomvi na Bi Batuli, na marehemu alikuwa mtu mwema. Lakini mwanamke aliyejivua kwa mume wa kwanza kwa nyumba nzima, kwa mwanangu atajivua kwa nini? Mimi nakwenda zangu mbali, namwacha huyu peke yake, kisha nimwachie mzigo wa namna hii?"

"Mama," alisema Hamoud.

"Usiniite mama kunifunga mdomo."

"Sikufungi. Nataka nimalize jambo." Hamoud aligeuka, safari hii akimtazama Mwanahawa usoni, na ilionekana maneno yale aliyapika mchana kutwa. "Baba, nimekuomba na umeniridhia. Deni liwe mahari yake. Mimi nimwoe Mwanahawa kwa mahari ya rahani hii, nawe uifute. Nyumba itakuwa safi, Bundala atanunua, mzee Yahaya atapata chake chote, na hakuna atakayepoteza kitu. Maalim, inafaa au haifai?"

"Inafaa," alisema Maalim. "Kisheria haina tatizo, bibi akiridhika."

Yahaya alijiweka kofia sawa. Bi Batuli alimtazama binti yake kwa matumaini mpaka inasikitisha. Kila mtu chumbani mle alikuwa ameona mlango umefunguka. Na Hamoud alikuwa anamtazama kwa macho yale ya Idi, na kama kuna wakati Mwanahawa alikaribia kukubali, basi ni hapo, maana alikuwa amechoka, na alimpenda.

"Siridhiki," alisema.

"Mwanahawa," mama yake alinong'ona.

"Abbasi alitaja bei yangu, wakaipokea. Leo bei ileile, nyumba ileile, inahamishwa mkono mmoja kwenda mwingine na mimi ndani yake. Nilitoka kwa mume mmoja kwa rahani, niingie kwa mwingine kwa rahani hiyohiyo? Hamoud, tukigombana siku moja, na tutagombana, maana leo tu umeona, nitakuwa nimelala ndani ya deni la baba yako. Sitaki."

"Mimi siwezi kukutajia hilo maisha yangu yote."

"Najua huwezi. Ungelifikiria tu, nami ningekuona unalifikiria."

Aligeuka kwa Yahaya. "Ba'mdogo, umesema deni ni langu. Ni kweli. Litoke kwenye fungu langu. La mama lisiguswe, na lako lisipungue senti. Mimi nitachukua kitakachobaki, kiwe kinene au chembamba."

Yahaya hakuwa amejiandaa kushinda haraka namna ile. "Umesema mbele ya Maalim."

"Nimesema. Na wewe ulisema mbele ya mama kwamba ukipata chako utakaa mkekani. Likubali mbele ya Maalim."

"Nakubali."

"Jambo moja tena. Posa ya Abbasi wewe ndiye uliyeileta, na kilemba chake wewe ndiye uliyekipokea. Sikudai. Nataka tu ujue kwamba najua kwa nini ulinirudisha Puge kwa haraka vile."

Yahaya alifungua mdomo, akaona Mzee Thuwaini anamtazama kutoka kitandani, akaufunga. Kilemba cha harusi ile kilikuwa ng'ombe wawili, na kila mtu Tabora aliwaona wakipita.

"Mzee," Mwanahawa alimwambia mgonjwa, "Bundala akitoa fedha, mkono wangu ndio utakaokuletea. Utafungua rahani mbele ya Maalim na mbele ya watu, kwa sauti, na wakiuliza ilikuwa ya nini, uwaambie. Usinisitiri. Mwambie kila mtu kwamba binti wa Shomari alijikomboa kwa mume dhalimu, na amelipa mwenyewe."

Mzee Thuwaini alijiinua kidogo kitandani. "Nitawaambia," alisema. "Baba yako akinikasirikia huko, nitamwambia umeniamuru wewe."

Mwanahawa alipoinuka kuondoka, ni Bi Salme aliyemsogezea viatu mlangoni kwa mguu, kwa ukali, kama mtu asiyetaka kuonekana anafanya hivyo.

Hamoud alimfuata mpaka nje. Jua lilikuwa limeshuka upande wa Kwihara na njia ilikuwa na vumbi la ng'ombe waliokwishapita. Bi Batuli na Maalim walitangulia wakazungumza taratibu kuliko walivyohitaji.

"Umekuwa maskini," Hamoud alimwambia.

"Nimekuwa maskini, ndiyo. Na bado nimekukasirikia."

"Naona."

"Kwa lile la Ramadhani. Lile la baraza nimeshalielewa, ulifanya sawa, na ungefanya vingine ningekudharau. Lakini Ramadhani mpaka leo, Hamoud. Ulinitazama nikipanga maisha juu ya kitu ambacho hakipo, na ukala halua."

"Sikula. Halua niliileta kwako." Akaona uso wake, akaachana na mzaha. "Nimekosa. Nilijiambia ni kiapo. Kilikuwa kiapo, lakini pia niliogopa. Niliogopa ukijua utaona mimi ndiye ninayekudai."

"Na ndivyo nilivyoona."

"Na sasa?"

Alimtazama pale mlangoni pa nyumba inayohama, mtu aliyegoma kuhama kwa ajili yake, ndevu zimekatwa upande, na mkono wake safari hii ukainuka wenyewe. Akaushusha kabla haujafika.

"Nikishalipa," alisema, "nitakuwa sidaiwi na mtu. Si na baba yako, si na Yahaya, si na maiti. Hapo ukinitaka, utakuja kwetu, kwenye chumba tutakachopanga Ipuli, ubishe hodi, ulete posa kama watu wanavyoleta."

"Nitakuja. Mahari nilete nini?"

"Usilete kitu. Usipange kitu na mtu yeyote. Si na Maalim, si na mama."

"Sasa nitajuaje?"

"Nitakuambia," alisema Mwanahawa, akajitanda khanga yake vizuri akashuka barazani. "Safari hii bei naitaja mwenyewe."